Wakfu wa mafuta wa vyuo vikuu vya Texas, na waliosubiri miaka 100 nje ya geti

Sisi tunaoshughulika na fedha za elimu ya juu huulizwa mara kwa mara: vyuo vikuu vya umma Marekani vinapata wapi fedha zote zile za utafiti? Wengi hudhani ni Washington. Washington inatoa, ndiyo, lakini inatoa kwa mradi: profesa anaandika andiko, anashindanishwa na wenzake, akishinda analipiwa kazi ile tu. Kabla hajaandika anahitaji maabara yenye umeme usiokatika, jokofu la kutunzia sampuli, mashine za kupimia, na posho ya wanafunzi wawili watatu wa uzamivu. Hiyo fedha ya kuanzia mara nyingi hailipwi na mfadhili wa mradi. Chuo lazima kiwe nayo mfukoni, na kwa chuo cha umma, ukubwa wa mfuko huo unategemea sana sheria za jimbo.

Tuchukue Texas, kwa sababu sheria yake inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko majimbo mengi.

Bunge la Texas hukaa kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, kuanzia Januari ya mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa siku zisizozidi 140. Utafiti wa mbegu inayostahimili ukame au wa dawa mpya unaweza kula miaka 10. Ukiutegemeza kwenye bajeti ya kikao hadi kikao, watafiti wanaishi roho mkononi. Jibu la Texas ni kitu ambacho mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa mara mbili: wakfu. Mnazi haukatwi, zinaangushwa nazi tu.

Wakfu huo uliandikwa kwenye Katiba ya jimbo ya 1876, kwa ekari milioni moja za ardhi ya magharibi. Mwaka 1883 Bunge likaongeza nyingine milioni moja. Wakati ule hii haikuonekana kama zawadi. Chuo Kikuu cha Texas kilikuwa kimeahidiwa sehemu ya ardhi nzuri zaidi iliyopimwa pamoja na ile ya makampuni ya reli, Katiba ikaifuta ahadi hiyo na kukipa nyika kame. Kwa miaka mingi kilichoingia kilikuwa kodi ya malisho kutoka kwa wafugaji wa ng'ombe.

Halafu, kwenye ardhi hiyo ya wakfu, kikaja kisima cha mafuta kilichoitwa Santa Rita. Wanawake Wakatoliki wa New York waliokuwa wamenunua hisa katika uchimbaji huo walimpa Frank Pickrell, mmoja wa wenye kampuni, bahasha ya petali za waridi zilizobarikiwa, wakamwambia azimwage kutoka juu ya mnara wa kuchimbia na kukiita kisima jina la mtakatifu wa mambo yasiyowezekana. Alipanda, akamwaga. Uchimbaji ulikwenda karibu miaka miwili, hadi kina cha zaidi ya mita 900, na tarehe 28 Mei 1923 mafuta yakaruka.

Hapa ndipo sheria ilipofanya kazi kubwa kuliko mafuta yenyewe. Mrabaha wa mafuta, yaani fungu la mwenye ardhi, uliwekwa kwenye mtaji, haukuruhusiwa kutumika. Kinachotumika ni mapato ya uwekezaji wa mtaji huo. Bila kipengele hicho, nadhani fedha zote zingegeuzwa majengo na kwisha enzi zile zile. Mwaka 1931 Bunge likaweka mgawo: theluthi mbili kwa upande wa Chuo Kikuu cha Texas, theluthi moja kwa upande wa chuo kingine cha umma, Texas A&M. Leo mfuko una makumi ya mabilioni ya dola.

Na vyuo vingine? Tazama kalenda. Texas Tech, kilichoko Lubbock, magharibi mwa jimbo, kilianzishwa kwa sheria iliyosainiwa tarehe 10 Februari 1923. Miezi isiyofika minne baadaye, mafuta yanaruka katika magharibi ile ile. Chuo cha magharibi hakikupata hata senti ya mfuko huo, kwa kuwa mwaka 1876, Katiba ilipoandikwa, hakikuwapo.

Kuirekebisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya kura katika kila moja ya mabaraza mawili ya Bunge, kisha wananchi wakubali kwa kura. Nani apige kura ya kupunguza sahani yake? Ndiyo maana kila aliyejaribu aliishia kutengeneza mfuko wa pembeni. Mwaka 1984 yalipatikana marekebisho ya kutenga dola milioni 100 kwa mwaka kwa vyuo vilivyo nje ya wakfu, lakini hasa kwa ardhi, majengo na vifaa. Mwaka 2009 ukaja mfuko wa kuvisukuma vyuo vichanga kufikia daraja la juu la utafiti, wenye sharti gumu: kutumia angalau dola milioni 45 za utafiti kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, na vigezo vingine juu yake. Texas Tech na Chuo Kikuu cha Houston ndivyo vilivyotangulia kuvuka.

Mwaka 2023 Bunge lilijikuta na ziada ya bajeti inayozidi dola bilioni 30. Likapitisha muswada wa kuubadilisha mfuko ule wa 2009, likatia dola bilioni 3 juu ya karibu milioni 900 zilizokuwamo, na tarehe 7 Novemba wapiga kura wakaridhia. Waswahili wenzetu wa Houston na Dallas waliokwisha pata uraia wa Marekani nao walikuwa na haki ya kupiga kura hiyo. Wanufaika wa kwanza ni vyuo vikuu vinne: Texas Tech, Houston, North Texas na Texas State. Kila mwaka mfuko huongezewa kutoka kwenye mapato ya akiba ya jimbo ya siku za dhiki, kwa kikomo kilichoanzia dola milioni 100. Na akiba hiyo inajazwa na nini? Kodi ya mafuta na gesi.

Sharti la kuingia sasa ni jepesi kidogo: wastani wa dola milioni 20 za utafiti kutoka serikali kuu na sekta binafsi, na wahitimu 45 wa uzamivu kwa mwaka. Kigezo hicho cha pili kinanitia wasiwasi. Chuo kikijua kinahesabiwa wahitimu, kitajipanga kuwatoa, na si lazima kijipange kuwasimamia vizuri.

Kuna pia waliobaki katikati. Chuo Kikuu cha Texas tawi la Dallas na lile la San Antonio haviruhusiwi kwenye mfuko mpya, kwa kuwa mfumo wao, yaani kundi zima la vyuo vya Chuo Kikuu cha Texas, umo kwenye wakfu wa zamani. Lakini ndani ya mfumo huo, fedha ya wakfu ya kuendeshea masomo na utafiti imewekewa Austin, chuo mama. Matawi hufikiwa hasa kupitia mikopo ya majengo.

Santa Rita ilizibwa mwaka 1990. Mtambo wake wa kuchimbia ulihamishwa zamani na umesimama pembeni mwa chuo, Austin. Mwanafunzi wa Lubbock akitaka kuuona, ni safari ya karibu kilomita 600.