Kazi ya chama iko kwenye meza ya wakala

Vijana wanaokuja kuniuliza namna ya kuingia kazi ya chama cha siasa hapa Mombasa huanza na jukwaa: nani hupanga mkutano wa uwanja wa Tononoka, nani husimama karibu na mwaniaji. Nawaelewa. Nami niliingia kwa mlango huo huo, nikibandika mabango Kisauni usiku na kugawa fulana mchana. Baadaye nikawa katibu wa wadi, kisha mratibu wa eneobunge, na sasa nashughulikia kaunti nzima, maeneobunge 6 na wadi 30. Jambo linaloninyima usingizi kila mwaka wa uchaguzi ni moja tu, mawakala.

Wakala ndiye macho ya chama ndani ya kituo, tangu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi hadi fomu ya mwisho itiwe sahihi. Mpigakura hupewa karatasi 6: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Uchaguzi wa 2022, kituo kimoja hakikuzidi wapigakura 700. Piga hesabu mwenyewe: karatasi hadi 4,200 za kufunguliwa, kuonyeshwa na kupangwa mafungu, ndani ya darasa la shule ya msingi, na watu waliokwisha kuchoka tangu adhuhuri.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa kituoni, basi hayo ndiyo ya mwisho. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, na fomu za matokeo zilikuwa katikati ya kesi. Ndiyo maana naishika Fomu 34A, fomu ya matokeo ya urais ya kituo, kama hati ya shamba. Msimamizi wa kituo anapaswa kumpa wakala nakala na kubandika nyingine mlangoni. Ila kuna jambo mawakala wengi hawalijui: wakala akikataa kutia sahihi, matokeo hayabatiliki kwa sababu hiyo pekee. Ukisusa ukaenda zako, umewaachia meza. Kaa, hesabu, na ukiwa na lalamiko liandike.

Mwaka 2022 tulikuwa na wakala Likoni, mama muuza mahamri kutoka Mtongwe. Kwenye mafunzo hakuuliza swali hata moja. Siku ya kura, tarehe 9 Agosti, alikuja na daftari la mwanawe, akawa anachora vijistari: vinne wima, cha tano kinavikata. Walipofika kura za ubunge, karani alisoma jumla ya mgombea mmoja, mama akatazama vijistari vyake akasema, "Mwanangu, hebu rudia fungu hilo." Kijana wa watu alikuwa amechoka, lakini akarudia. Ndani ya fungu la 50 mlikuwa na karatasi kumi za mgombea mwingine. Zilipochanganyika hakuna aliyejua, na sidhani kulikuwa na nia mbaya. Zilirudishwa mahali pake kabla ya fomu kujazwa, kesi ikaishia hapo mezani. Bila lile daftari, wakili angekuja kuzidai kura hizo miezi baadaye kwa gharama kubwa.

Sasa sikiliza tulivyomlipa. Chama kilikuwa kimetumia pesa nyingi kwa jukwaa na vipaza sauti, lakini usafiri wa mawakala wa usiku haukuwekwa popote kwenye bajeti. Alimaliza saa tisa usiku. Akakaa barazani mwa shule, fomu ameikunja ndani ya leso, mpaka kukapambazuka. Hilo linaniuma mpaka leo, maana bajeti ile niliiona na sikupiga kelele.

Kati ya uchaguzi na uchaguzi kazi ni ya makaratasi. Unaandikisha wanachama mmoja mmoja kwa kitambulisho na sahihi, unasuluhisha ugomvi wa kura za mchujo, unapeleka orodha kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Katibu wa wadi kwa kawaida hana mshahara, kwa hiyo uwe na riziki nyingine. Na usimwandikishe mtu bila ridhaa yake. Mwaka 2021 Wakenya wengi walikuta majina yao kwenye vyama wasivyovijua, na hasira ile tuliila sisi wa mashinani.

Mwaka huo wa 2022 kura ya ugavana Mombasa iliahirishwa siku moja kabla, kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa. Ikapangiwa tarehe 23 Agosti, kisha ikasukumwa hadi tarehe 29. Nikalazimika kuwaita mawakala wote upya. Nilipompigia yule mama nilianza kwa kuomba radhi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Usiku huo nitarudi na nani?"

Safari hii nilikuwa na jina la dereva wa tuktuk na nambari yake ya simu. Nikamsomea, akaiandika kwenye daftari lile lile.