Kwa nini Waingereza wa Shanghai waliacha hisa, wakabana wakurugenzi?

Wageni wanaficha kampuni zao nyuma ya bendera yako, utawazuiaje? Wengi tunasema simpo tu, kagua hisa ni za nani. Waingereza kule Shanghai hawakufanya hivyo.

Kwa ufupi, kuanzia mikataba ya miaka ya 1840 Mwingereza aliyeko China alikuwa hashtakiwi kwenye mahakama ya Kichina, na toka 1865 walikuwa na mahakama yao kuu palepale Shanghai (Zanzibar ya masultani nayo ilikuwa na mahakama za kibalozi za namna hiyo). Sasa kampuni ikisajiliwa Hong Kong, koloni lao, ilihesabika ya Kiingereza, hata kama pesa yote ni ya Mmarekani au Mjerumani, yaani unalipa ada unapata na kinga juu.

Ikaja Vita ya Kwanza. 1916, mahakama ya juu kabisa London ikakutana na kampuni ya matairi ya Continental, imesajiliwa Uingereza lakini hisa zote kasoro moja ziko kwa Wajerumani, wakasema cheti cha usajili hakitoshi, tuangalie nani anaiendesha.

Ndo ikatoka amri ya 1919 kwa kampuni za Kiingereza zilizoko China: wengi wa wakurugenzi wawe raia wa himaya ya Uingereza, na mkurugenzi mtendaji lazima awe raia wao. Hisa? Mgeni nunua tu!

Inaonekana kichekesho mpaka uangalie ile mahakama ilikuwa inamshika nani. Nguvu yake ilimfuata mtu kwa uraia wake, kwa hiyo bosi Mmarekani akiiba hela za kampuni mahakama haina la kumfanya, labda ipeleke kesi kwa Wamarekani. Ni kama kikoba kinavyodai mdhamini: pesa unapeleka wapi ni shauri lako, ila lazima kuwe na mtu ambaye mlango wake unajulikana, wa kugongewa mambo yakiharibika. Hisa zinauzwa leo kesho, utamkamata nani?

Ukuta huo ulikuwa na nyufa lakini, maana Mwingereza wa kuweka saini tu hakosekani, na kuthibitisha nani anamwamrisha ni kazi.

Wamarekani 1922 wakajitungia sheria ya kampuni zao zilizoko China, nao wakadai wengi wa wakurugenzi wawe raia wa Marekani. Hisa hata Mchina alikaribishwa, tena ndo pesa waliyokuwa wanaitaka.