Kemo kwanza, kisu baadaye: maana yake kwenye saratani ya mirija ya nyongo

Mirija ya nyongo ni vile vifereji vyembamba vinavyotoa nyongo kwenye ini na kuipeleka utumbo mdogo. Saratani ikianzia humo inakaa kimya mpaka siku mtu anajitazama kwenye kioo anakuta macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka na mwili unawasha usiku kucha, na wengi wakifika hospitali hapo uvimbe umeshakua na daktari akiangalia siti skani anasema hii haifanyiki operesheni.

Sasa hiyo kauli inabeba mambo tofauti na mgonjwa ana haki ya kujua lipi ni lake. Kuna ambaye imeshasambaa mbali, na kuna ambaye uvimbe umezunguka mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini, yaani kuukata ni kukata uhai wa ini lenyewe. Huyu wa pili ndiye hasa tunayemwongelea.

Kwanza anawekewa stenti, kibomba kidogo ndani ya mrija, nyongo ipate njia, maana manjano yakiwa juu kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, huwa inasubiri. Alafu anapigwa dripu ya dawa mbili za kemo, jemsitabini na sisplatini, siku ya 1 na ya 8, kila wiki 3. Mchanganyiko huu ulishika nguvu baada ya utafiti wa Uingereza uliotoka 2010, nusu ya waliopewa zote mbili waliishi zaidi ya miezi 11.7, wa jemsitabini peke yake 8.1. Siku hizi wengine wanaongezewa dawa ya kuamsha kinga.

Baada ya miezi kadhaa picha inarudiwa. Uvimbe ukisinyaa ukauachia mshipa, mlango wa operesheni unafunguka: wanatoa kipande cha ini pamoja na mirija, mrija uliobaki wanaushona kwenye utumbo. Kama ini litakalobaki ni dogo sana, wanaziba kwanza damu ya upande mgonjwa, na ule mzima unakua wenyewe ndani ya wiki chache, jamani ini ni kiungo cha ajabu! Baadaye wengi hupewa vidonge vya kemo, kepsitabini, miezi 6.

Wanaofika kwenye kisu ni wachache na ni operesheni nzito, nisimdanganye mtu. Ila ukiambiwa haiwezekani, uliza: tatizo ni mshipa, ni udogo wa ini, au imesambaa? Na picha ikirudiwa baada ya kemo, daktari wa upasuaji wa ini ataiona?