Askari wa selo ndiye mwenye jibu

Eti askari kwenye chumba cha kutoroka cha jela, mchezo ambao timu hufungiwa na kutegua mafumbo ili itoke, ni kizuizi! Mimi ndiye ninayeigiza askari huyo, na nimechoka kulisikia hilo. Timu zinaingia selo, zinafungwa pingu, kisha zinaninunia. Nikipita koridoni wanageukia ukuta na kuficha karatasi walizookota. Dakika 60 zinayoyoma, wanapekua godoro, na kidokezo ninacho mimi mdomoni.

Michezo hii ilipoanza Kyoto, Japani, mwaka 2007, mikononi mwa mbunifu wake Takao Kato, uzito wote ulikuwa kwenye mafumbo. Lakini kufuli ya namba haioni kwamba mmekwama. Mimi naona. Nikigonga nondo na kufoka, "Nani kawaruhusu kugusa sinki?", nawaambia mkaangalie sinki. Nikimhamishia mmoja wenu selo ya pili, simuadhibu: maandishi ya ukuta ule husomeka kutoka kule tu, na sasa lazima mpigiane kelele. Nikisinzia kitini huku funguo zinaning'inia kiunoni, nimeziacha makusudi.

Msininyang'anye, tafadhali. Kukamatana mwilini ni marufuku kwenu na kwangu. Nisemesheni! "Afande, naomba maji" inafungua mengi kuliko kuzungusha kufuli kwa kubahatisha. Nidanganyeni kwamba mwenzenu anaumwa. Nihongeni kwa ile sigara ya bandia. Mnadhani iliwekwa chini ya mto iwe pambo? Sifuati maneno niliyokariri. Mkija na uongo mzuri ambao hatukuupanga, nitaukubali.

Usalama ni wa kuelewa mara moja. Pingu zetu zina kitufe cha kuzifungua bila ufunguo. Mlango wa sumaku huachia umeme ukikatika. Januari 2019, huko Koszalin, Poland, wasichana 5 walikufa katika moto uliozuka kwenye chumba cha mchezo kama huu. Mlango usiofunguka kutoka ndani, usiuingie.

Kinachonisumbua ni hofu. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwagawa vijana kuwa askari na wafungwa wa kuigiza ndani ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Jaribio la wiki mbili likasimamishwa baada ya siku 6. Wataalamu wanabishana hadi leo kama askari wale walibadilika wenyewe au walielekezwa. Mimi najua sare inanibadilisha sauti, na najua neno la kusimamisha mchezo halitoshi, kwa sababu aliyeogopa kweli huona haya kulitamka mbele ya wenzake. Kwa hiyo natazama macho. Anayefurahia hofu huchungulia tena nikishapita. Aliyezidiwa hubana kona na kutazama chini. Katikati yao kuna watu siwezi kuwasoma, na hakuna mafunzo yaliyonisaidia. Hao nawasogelea taratibu, nashusha sauti, nawapa ufunguo wa kushika, kisha nawauliza waziwazi kama tuendelee.