Si Kila Presha Ni Presha

Mama mmoja anayeuza vitumbua Buguruni aliletwa kwetu na binti yake. Mambo machache nimeyabadilisha ili asijulikane. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, kifua kinabana, usiku hapati usingizi. "Nina presha, daktari," alisema hata kabla hajakaa. Mkononi alikuwa na daftari la vipimo: 118 kwa 76, 122 kwa 80, 120 kwa 78. Kote alikopima aliambiwa yuko salama, na jibu hilo ndilo lililomkatisha tamaa, maana mwenyewe alijua hayuko salama.

Hapa mjini neno presha limebeba mizigo mingi. Hofu ni presha, hasira ni presha, kodi ya nyumba ikikaribia ni presha. Mimi mwanasaikolojia simlaumu anayesema hivyo, kwa sababu hisia hukaa mwilini kweli.

Fikiria unavuka barabara Manzese, bodaboda ikachomoka upande ambao hukuutarajia. Umesharuka nyuma kabla hujajua kama umeruka. Ndani kabisa ya ubongo, moja kila upande, kuna sehemu ndogo zenye umbo la lozi ziitwazo amigdala. Zikihisi hatari, hazisubiri ufikirie. Hushtua haipothalamasi, sehemu nyingine ndogo ya ubongo, nayo hupeleka taarifa kupitia neva hadi kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na homoni ya adrenalini ikamwagika kwenye damu. Moyo hudunda kwa nguvu, ini hutoa sukari, damu huelekezwa kwenye misuli ili ukimbie au upambane. Homoni nyingine, kotisoli, huja taratibu zaidi na hufikia kilele kama dakika 20 hadi 30 baadaye. Ndiyo maana unafika kazini, bodaboda umeshaisahau, na mwili bado haujatulia.

Mwaka 1915 mtafiti wa Marekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko haya ya mwili. Miaka ya nyuma alikuwa akiwachunguza paka kwa eksirei ili aone chakula kinavyosagwa, akagundua kwamba paka akikasirika au akihangaika, tumbo husimama kufanya kazi. Waswahili tunasema mtu yuko tumbo joto. Tunasema pia roho juu, mate yamemkauka, kijasho chembamba kinamtoka. Wazee walioyaunda maneno haya waliutazama mwili kwa makini sana.

Lakini mwili peke yake hautoshi kukueleza unahisi nini. Moyo unaodunda Kwa Mkapa dakika za mwisho za Simba na Yanga ni moyo uleule unaodunda mwenye nyumba anapogonga mlango. Ubongo hutazama uko wapi, uko na nani, zamani yalikupata yapi, ndipo unaipa hali hiyo maana: furaha, hofu, aibu, hasira. Na hapo ndipo jina la hisia linapokuwa na uzito. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko Los Angeles waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wakipima ubongo wao. Walipotaja hisia waliyoiona usoni, amigdala zao zilipungua ukali, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kutafakari, ikafanya kazi zaidi.

Kwa hiyo ninapomuuliza mtu, "Hii presha, ukiipa jina lake halisi, ni nini?" sipotezi muda. Wanaume ndio hulemewa zaidi na swali hili, na naliona kila wiki. Ameambiwa tangu utotoni ajikaze, sasa ana miaka arobaini, amefiwa, na neno pekee alilonalo ni "nimechoka". Jamvi la msibani, watu kukaa pamoja bila haraka, pole baada ya pole, ni msaada mkubwa, na mwanaume naye anahitaji kuufikia, asiishie kusimamia turubai na viti tu.

Ukiwa katikati ya wimbi lenyewe la hisia, anza na pumzi: vuta polepole, toa polepole zaidi, kama mara sita kwa dakika. Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kwenye moyo na tumbo, hupunguza mwendo wa moyo unapotoa pumzi.

Usielewe kwamba nakwambia uache kupima. Presha yenyewe, ile ya 140 kwa 90 na kuendelea, mara nyingi haina dalili yoyote. Anayejisikia mzima naye apime. Na maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, yasisubiri kesho: nenda hospitali hapohapo.

Mama wa vitumbua alirudi wiki ya tatu. Nikamuuliza, "Mama, presha inaendeleaje?" Akanyamaza, akakunjua kona ya khanga yake, akatoa karatasi.

"Si presha, daktari. Ni hofu. Kila Ijumaa nina marejesho ya mkopo wa kausha damu, na baba yao hajui."

Tukaichukua kalamu, tukaanza kuhesabu kilichobaki.