Wufa Haijafa: Dhana Potofu Zinazomaliza Spika Kubwa za Zamani

Spika kubwa za miaka ya 1970 na 1980 bado zinaingia Uganda. Nyingine zinashuka na makontena ya mitumba kutoka Mombasa, zikapita Malaba na kuishia Kampala. Nyingine zinatoka sebuleni kwa wazee waliozinunua zikiwa mpya, na nyingine zinaachwa na wageni wanaofunga virago kurudi kwao. Ninazipenda spika hizi, na ninaandika kwa uchungu, kwa sababu nyingi haziuawi na umri. Zinauawa na matengenezo. Mtu anaambiwa jambo lisilo kweli, analiamini, na kitu kilichokuwa na miaka mingine mingi ya kupiga muziki kinabaki boksi zuri lenye vyuma vya bei rahisi ndani.

"Wufa imekufa, weka mpya"

Hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Mtu anapeleka spika kwa fundi. Fundi anaondoa kitambaa cha mbele, anaitazama wufa, yaani ile spika kubwa ya besi ndani ya boksi, na kuona ule ukingo laini unaoizunguka koni yake (lile bakuli linalotikisika kutoa sauti) umegeuka unga unaonata vidoleni. "Mzee, hii imekufa. Nikuwekee mpya." Mwenye spika anakubali, wufa ya zamani inauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Kumbe kilichooza ni sponji peke yake. Watengenezaji wengi wa wakati ule walizungushia koni sponji ya poliurethani kwa sababu ni nyepesi na inaiacha koni itembee kwa uhuru. Sponji hiyo inaliwa na unyevu, joto na mwanga, na kwa hali ya hewa ya kando ya Ziwa Victoria inaoza hata kama spika imekaa bila kupigwa. Cerwin-Vega zenye ukingo mwekundu, kipenzi cha watu wa besi, ni mfano wa wazi. Mara nyingi utakuta koni nzima, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) nzima, sumaku nzima, na ukingo umekwisha. Ukingo mpya unauzwa peke yake.

Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko vifaa. Kwanza pima kipenyo cha koni na cha fremu, maana si kila ukingo wa inchi 12 unaingia kwenye kila wufa ya inchi 12. Sponji ya zamani inakwanguliwa yote pamoja na gundi yake, polepole, kwa spiriti na kisu butu, bila kuilowesha koni ya karatasi. Kile kifuniko cha mviringo kilicho katikati kinakatwa kwa wembe, kisha vipande vyembamba vya plastiki vinachomekwa kati ya koili na chuma cha sumaku ili koili ikae katikati kabisa. Nafasi iliyopo hapo haifiki milimita moja. Koili ikiegemea upande itasugua, na ikisugua itaungua. Ukingo mpya unagundishwa kwenye koni kwanza, unaachwa ushike, ndipo unagundishwa kwenye fremu. Ukishakauka, vipande vinatolewa na wufa inapigiwa mlio mzito wa hezi 30 hivi, kwa sauti ya chini. Ikitembea kimya bila kukwaruza, kifuniko kinarudishwa mahali pake. Ile gundi kali ya matone inayouzwa madukani haifai, inakauka ngumu na kupasuka. Kipande cha tyubu ya baiskeli nacho hakifai, ni kizito na kigumu, na wufa inabadilika tabia.

Kwa nini nasisitiza wufa ya awali ibaki? Kwa sababu ilipigiwa hesabu pamoja na boksi lake. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts. Spika yao ya kwanza, AR-1, ilitumia hewa iliyofungwa ndani ya boksi kama springi. Koni ilining'inizwa kwa ulegevu mkubwa, na hewa ndiyo iliyokuwa ikiirudisha. Ukichomeka humo wufa ngumu ya spika za jukwaani, hata iandikwe wati 500, besi ya chini inatoweka. Au chukua JBL L100 Century ya mwaka 1970, ambayo ni toleo la nyumbani la spika ya studio iitwayo 4310. Krosova yake, yaani saketi inayogawia kila spika ya ndani ya boksi sauti zake, haikati sauti za juu zisifike kwenye wufa. Koni yenyewe, kwa uzito na umbo lake, ndiyo inayofifia pale spika ya kati inapopokea. Ukiondoa koni hiyo umeondoa sehemu ya krosova.

L100 hiyohiyo ina mtego mwingine. Wufa yake ina ukingo wa kitambaa usiooza. Kinachomomonyoka ni sponji ya mbele yenye vimiraba, ile inayofunika spika zote. Anayeona unga wake akadhani wufa zimeoza ataiacha spika nzuri kwa kosa la pazia.

"Wati nyingi ndiyo nguvu"

Swali la kwanza sokoni ni wati ngapi. Wati zilizoandikwa nyuma ya spika zinaeleza kiasi cha umeme ambacho inaweza kuhimili. Hazielezi itatoa sauti kiasi gani. Linaloeleza hilo ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ukipima kutoka mita moja. Spika ya Klipschorn, aliyoianzisha Paul Klipsch mwaka 1946 katika mji wa Hope, Arkansas, inatajwa na kiwanda kuwa na desibeli 105. Spika za boksi lililofungwa za mtindo wa AR ziko chini ya 90. Kila pengo la desibeli 10 linadai nguvu mara 10, kwa hiyo pengo la 20 ni mara 100. Sauti ambayo spika ya desibeli 105 inaitoa kwa wati moja, ile ya 85 inaitafuta kwa wati 100. Na kuongeza nguvu maradufu, tuseme kutoka ampu (amplifaya) ya wati 50 hadi ya wati 100, kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo.

Ndugu ya dhana hii ni kwamba ampu ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza, na twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo huanza kuondoka. Ampu ikisukumwa kupita uwezo wake, kilele cha mawimbi ya sauti kinakatwa, na kukatwa huko kunazaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwamo kwenye muziki. Zote zinamiminikia kwenye twita, yenye koili ya waya mwembamba sana. Sherehe inaendelea, sauti imeanza kuwa chafu, mtu anaongeza tena. Sauti ikichafuka, punguza papo hapo.

"Sumaku ya alnico ndiyo yenyewe, nyingine ni za kubahatisha"

Hapa kuna historia ya jirani zetu. Alnico ni mchanganyiko wenye alumini, nikeli na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia ilikuwa ikitoka Zaire, Kongo ya leo. Mwaka 1977, kisha tena Mei 1978, waasi waliokuwa Angola waliingia jimbo la Shaba. Mara ya pili waliuteka mji wa Kolwezi, kwenye moyo wa machimbo. Bei ya kobalti ikaruka, na viwanda vya spika vikakimbilia sumaku za feraiti, zisizo na kobalti. Kwa hiyo spika nyingi zilibadilishwa sumaku kwa sababu ya vita na bei, si kwa sababu mhandisi fulani alisikia tofauti akaamua.

Waliobadili kwa haraka wapo, na waliofanya kazi ya maana wapo pia. JBL ilibuni umbo jipya la sumaku ya feraiti, ikaliita SFG, ili kupunguza kasoro zilizoletwa na badiliko hilo. Alnico nayo ina udhaifu wake: ikipigwa mkondo mkali sana au ikiangushwa vibaya inaweza kupoteza sehemu ya usumaku. Muuzaji akikutajia alnico kama sababu ya kupandisha bei, sikiliza spika kwanza. Mimi ningechukua feraiti nzima kuliko alnico iliyochoka.

"Badilisha kapasita zote, ongeza twita, itaimba zaidi"

Nusu ya hili ni kweli. Kapasita za elektroliti, vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme ndani ya krosova, zinazeeka, thamani yake inahama, na zikihama, twita na spika ya kati zinapokea sauti zisizo zao. Zipime kwa mita yenye uwezo huo. Zikiwa zimehama, weka zenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na ziwe za aina isiyo na upande wa chanya na hasi. Zile za ndani ya redio, zenye alama ya hasi ubavuni, si za kazi hii. Kununua kapasita ya bei mara kumi hakutaleta kilichokosekana mahali pengine.

Kuongeza twita za honi juu ya boksi ni uharibifu mtupu. Mizani ambayo watu walikaa nayo maabara miezi inavunjwa kwa bisibisi. Mara nyingi chanzo ni twita inayosemekana imekufa, kumbe ni nzima. Spika nyingi za zamani zina vifundo vya kupunguza twita na spika ya kati, na ndani yake mnaota kutu. AR za zamani zinajulikana kwa ugonjwa huu. Zima ampu, zungusha kifundo mara nyingi kwenda na kurudi, kisha sikiliza tena. Sauti ikija kwa kukatika-katika, kifundo ndicho cha kusafisha au kubadilisha.

"Umeme wetu utaziunguza, ni za Marekani"

Spika haichomekwi ukutani. Umeme wake unatoka kwenye ampu. Ampu ndiyo ya kuchunga: ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani 120, na kwetu ni 240. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, na weka transfoma ya kupunguza.

"Ya kale ni dhahabu"

Si ya kale yote. Miaka ya 1970 ilizaa pia maboksi makubwa yenye spika tano kwa kila moja, uso wa mbao za kuchonga, na krosova ya kapasita mbili tu. Yalitengenezwa yapendeze dukani. Kinachotenganisha ni masikio na vipimo, kwa hiyo nenda kununua na mita ndogo ya umeme, betri ya volti 1.5 na wimbo unaoujua.

Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) itasoma karibu omu 6 kwenye mita. Ikisoma sifuri, au isisome kitu, uliza maswali. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, usikilize kama inakwaruza. Gusisha betri, chanya kwa nyekundu: koni inatoka nje. JBL za zamani zilifungwa kinyume, chanya kwa nyekundu koni inaingia, na hilo si kosa la fundi wala sababu ya kuzigeuza waya. Kisha weka sikio kwenye kila spika, moja moja, kwa sauti ya chini. Kwa kujaribu, mimi napendelea kadongo kamu, muziki wa asili ya Buganda, kuliko nyimbo za klabu. Sauti ya mtu mmoja na gitaa moja haina pa kujificha. Pua ikisikika kwenye sauti ya mwimbaji, kuna tatizo katikati. Baadaye leta rumba ya Kongo, uone kama gitaa la mi-solo, lile lililo kati ya rizimu na solo, linasikika peke yake au limemezwa na besi.

Ukikutana na Yamaha NS-1000M ya mwaka 1974, usiiguse twita wala spika ya kati kwa msasa au kisu. Kuba zake ni za beriliamu, na vumbi la beriliamu ni sumu ya mapafu. Ikiwa imevunjika, fundi wa mtaani asiifungue.

"Boksi la mvule litaipandisha hadhi"

Maseremala wa Ndeeba, Kampala, wanaweza kukutengenezea boksi la kupendeza, sina shaka na mikono yao. Ila maboksi mengi mazuri ya zamani ni ya chipbodi iliyofunikwa ganda la mbao, na ni kwa makusudi, kwa sababu chipbodi haijikunji na majira. Ukilazimika kutengeneza jipya kwa sababu mchwa wameingia au maji yamevimbisha chini, ujazo wa ndani na urefu wa tundu la besi vibaki vilevile. Mbao nene zaidi zikipunguza nafasi ya ndani, besi imeshabadilika. Kama pembe tu ndizo zimevimba, gundi ya mbao na vibanio vinatosha.

"Ziweke kona, besi iongezeke"

Klipschorn iliundwa kwa kona, kuta zile ni sehemu ya honi yake. Nyingine nyingi ukizibana kona zinanguruma. Sebule zetu ni za tofali na plasta, sakafu ya saruji au vigae, na vitu hivyo vinaurudisha muziki karibu wote. Chumba cha urefu wa mita 4 kinavimbisha sauti za karibu na hezi 43, na ukuta wa nyuma yako ndipo zinapojaa. Mtu analalamikia spika, kumbe kochi ndilo limekaa pabaya. Sogeza spika nusu mita kutoka ukutani, sogeza na kochi, tandika zulia, weka mapazia mazito na rafu ya vitabu. Chumba cha kawaida kinaweza kuibeba spika ya inchi 15 vizuri kabisa ukiipiga kwa sauti ya kiasi.

Ziinue kutoka sakafuni kwa vipande vya mbao, maji ya kupigia deki yasifikie chipbodi. Tundu la besi litie wavu mwepesi, mijusi na panya wanapenda humo, na panya anatafuna karatasi ya koni. Kitambaa cha mbele kibaki mahali pake penye watoto, vidole vyao vinaenda moja kwa moja kwenye kile kifuniko cha katikati. Kikibonyea, kinavutwa taratibu kwa utepe wa gundi.