Kupanda Kutoka Mombo Hadi Lushoto kwa Baiskeli

Katika kazi yangu ya kuwafundisha waendesha baiskeli wa Tanga, barabara ninayoitumia kuliko zote kwa mazoezi ya kupanda ni ile ya Mombo hadi Lushoto. Ni lami ya takriban kilomita 32, inayomtoa mtu kwenye joto la bonde la mkonge na kumpandisha takriban mita 1,000 hadi ubaridi wa Usambara Magharibi. Ukipiga hesabu utapata mwinuko wa wastani wa asilimia 3, na hesabu hiyo huwaponza wengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kupanda huishia Soni, kama nusu ya njia.

Kwenye tambarare, kinachotuzuia zaidi ni upepo. Mlimani, tunapokwenda polepole, kinachotuzuia ni uzito wetu wenyewe pamoja na wa baiskeli. Aidha, chakula kinachounguzwa mwilini hugeuka kuwa mwendo kwa takriban robo tu, na kinachobaki huwa joto, ilhali kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa upepo wa kulipunguza joto hilo ni hafifu mno. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu waondoke Mombo alfajiri, na mimi mwenyewe sijawahi kujutia kuamka mapema.

Baiskeli ya kawaida isiyo na gia, ambayo mzunguko mmoja wa pedali huisogeza kama mita 5, kwa mwendo huo humlazimu mtu akanyage mara 33 tu kwa dakika, na kila mkanyago ni mzigo kwa magoti. Gia yenye meno 34 mbele na 32 nyuma husogeza baiskeli kama mita 2.2, hivyo miguu huzunguka takriban mara 75 kwa mwendo uleule. Ingia kwenye gia hiyo kabla miguu haijalemewa, kwa maana cheni iliyokazwa kwa nguvu zote haipendi kuhamishwa.

Namna ya kujipima niliyojifunza barabarani humo ni salamu. Watoto wanaokwenda shule watakuamkia, "Shikamoo!", na wazee waliobeba mizigo yao wanastahili uwaamkie wewe. Ikiwa unaweza kuitikia "Marahaba, hamjambo? Mnakwenda shule gani?" bila kukata pumzi katikati, nguvu unayotumia ndiyo unayoweza kudumu nayo kwa saa tatu. Ukibaki na "Marahaba" peke yake, punguza, hata kama mwenzako anazidi kukuacha. Safari yangu ya kwanza niliwafuata vijana wenye mbio, nikafika Soni miguu ikitetemeka, nikayapita maporomoko ya maji bila hata kugeuza shingo, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ukifika Soni, kunywa maji, kula ndizi, kisha uendelee kabla misuli haijapoa. Kutoka hapo hadi Lushoto njia hulegea, mashamba ya mboga yanafunguka bondeni, na unaweza kuongeza gia moja au mbili.

Wakati wa kurudi vaa koti, kaa kushoto kwako, na ukamate breki zote mbili kwa vipindi kabla ya kona, si ndani ya kona, kwani malori ya mboga huzijaza kona hizo upana wote.